Saini Niliyoitengua Siku ya Sita

Waliniita ofisini saa nane mchana, siku ya Ijumaa, mwezi wa Desemba 2023, kabla hata sijavaa glavu. Walikuwa wawili: msimamizi wetu mpya, kijana niliyemzidi umri kwa miaka isiyopungua kumi na mitano, na mama mmoja wa ofisi ya utumishi ambaye nilizoea kumwona mara moja tu kwa mwaka, siku ya kujaza fomu za bima. Juu ya meza palikuwa na bahasha nyeupe na kalamu. Kijana yule alinitaja kwa jina langu tupu, kama ilivyo desturi yao huku, akasema kwamba siku hiyo ndiyo ya mwisho kwangu. Nikauliza kosa langu ni lipi. Akamtazama mwenzake. Mwenzake ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya upole, kwamba Ohio ni jimbo la ajira ya hiari, na kampuni hailazimiki kutoa sababu.

Nilikuwa nimefanya kazi katika ghala lile, pembezoni mwa jiji la Columbus, kwa miaka minne na miezi saba. Sikuwahi kupewa onyo la maandishi.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi nane. Kampuni ilikuwa tayari kunipa kiinua mgongo cha mshahara wa wiki mbili, na mimi kwa upande wangu nikubali kwamba sitaidai kampuni lolote, mbele ya mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Niliambiwa kwamba nikisaini papo hapo hundi itawahi kufika kabla ya mwisho wa mwezi. Nikaikumbuka kodi ya nyumba. Nikamkumbuka mama yangu aliyeko Tanga, ambaye kila mwezi hungoja nimtumie fedha za dawa za sukari. Nikatia saini bila ya kufungua ukurasa wa pili. Kisha nikavua beji shingoni, na mlinzi akanisindikiza hadi kwenye gari kana kwamba nimekutwa na mali ya wizi.

Msomaji huenda ameshaanza kujiuliza kama hakika hapakuwa na sababu. Ilikuwepo, nami niliijua hata kabla sijakaa kwenye kiti kile.

Zamu yangu ilianza saa nane mchana na kwisha saa nne na nusu usiku. Tulikuwa na mapumziko matatu: dakika kumi saa kumi jioni, nusu saa ya chakula saa moja usiku, na dakika kumi nyingine saa tatu usiku. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ratiba ile ilikuwa kama imepangwa na imamu. Alasiri niliisali katika mapumziko ya kwanza majira ya baridi, na wakati wa chakula majira ya kiangazi. Katika kiangazi jua la Ohio huzama saa tatu usiku, nami nikaipata Magharibi katika mapumziko ya mwisho. Majira mengine niliipata wakati wa chakula. Taabu ilikuja Novemba, saa zinaporudishwa nyuma. Hapo jua huzama baada ya saa kumi na moja jioni, na ikifika saa moja wakati wa Isha umekwishaingia. Tangu Novemba hadi mwanzoni mwa Februari, Magharibi ilikuwa haina pa kukaa.

Msimamizi wetu wa zamani, Mmarekani mweusi, Mkristo wa kanisa hasa, aliniuliza mwaka wa kwanza kwa nini nakula chakula changu nikiwa na uso wa msiba. Nikamweleza. Akasema chukua yale mapumziko yako ya saa tatu uyatumie saa kumi na moja na robo, na wenzako wakienda kupumzika saa tatu wewe utashika mashine. Hiyo ikawa ndiyo kawaida yetu kwa miaka mitatu, na jioni nyingine hunitumia ujumbe mfupi wa simu kunikumbusha kwamba jua limezama. Alipostaafu hakuacha karatasi yoyote kuhusu mapatano yetu, wala mimi sikuwa nimeiomba. Huyu mpya alipofika akasema mapumziko ni kwa wote kwa pamoja, na kwamba ghala si msikiti. Nikamweleza mara mbili. Mara ya tatu sikueleza tena. Jua lilipozama nilikwenda kwenye pembe yangu nyuma ya rafu za maboksi, nikasali rakaa tatu, nikarudi. Siku ya kumi na mbili ndiyo ile Ijumaa ya bahasha.

Nyumbani, Baba Watoto aliniambia maneno ambayo wake wengi huyapenda: riziki iko kwa Allah, mlango mmoja ukifungwa hufunguka mwingine, tushukuru kwa hizo wiki mbili na tufunge ukurasa. Yeye huendesha lori, na mwaka wa kwanza alioingia nchi hii alifukuzwa kazi mara mbili bila ya kuuliza neno. Kwake yeye mambo ya huku yanajulikana. Hii ni nchi ya ajira ya hiari. Utaondoka wakati wowote unaotaka, nao watakuondoa wakati wowote wanaotaka.

Katika hilo hakukosea. Kanuni hii ni ya zamani. Mwaka 1877 mwanasheria mmoja wa Marekani, Horace Gray Wood, aliandika katika kitabu chake kwamba ajira isiyotajwa muda wake huweza kuvunjwa na upande wowote saa yoyote, na mahakama za majimbo zikaishika kauli hiyo moja baada ya nyingine. Mwaka 1884 mahakama ya juu ya Tennessee ilifika hadi ya kusema kwamba mwajiri anaweza kumfukuza mtu kwa sababu njema, au bila ya sababu, au hata kwa sababu isiyokuwa ya uadilifu. Leo ni jimbo la Montana peke yake, kwa sheria yake ya 1987, linalomtaka mwajiri awe na sababu ya haki pindi muda wa majaribio ukishapita. Kwa sisi tuliotoka Tanzania jambo hili huwa gumu kulimeza. Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, alikuwa karani bandarini Tanga, na nyumbani kwetu neno kufukuzwa lilifuatana na barua, kikao na chama cha wafanyakazi. Hata sasa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara athibitishe sababu ya haki na utaratibu wa haki, na mfanyakazi asiporidhika huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huku hakuna mlango kama huo kwa kila mtu.

Kosa letu, mimi na mume wangu, lilikuwa kudhani kwamba pasipo na mlango ule basi hakuna milango mingine. Binti yetu wa kwanza, aliyekuwa akisomea uhasibu chuoni, ndiye aliyezikuta zile karatasi nane juu ya friji, Alhamisi asubuhi, siku ya sita tangu nilipotia saini. Akazisoma zote amesimama, na koti bado limo mwilini. Kisha akauliza, "Mama, una miaka mingapi?" Nikamwambia asinifanyie mzaha. Akauliza tena. Nilikuwa na miaka arobaini na sita.

Ukurasa wa sita wa karatasi zile ulisema kwamba mfanyakazi anapewa siku 21 za kuyatafakari makubaliano kabla ya kusaini, na kwamba akishasaini ana siku 7 za kutengua, na kwamba makubaliano hayawi na nguvu mpaka siku hizo saba zipite. Hakuna aliyenitajia maneno hayo ofisini. Baadaye nilifahamu kwamba kampuni haikuyaweka kwa ukarimu. Ipo sheria ya shirikisho ya 1990 inayowalinda wafanyakazi waliofikisha miaka arobaini: mwajiri akitaka mtu wa umri huo asamehe madai yake ya ubaguzi wa umri, hana budi ampe muda huo wote na amshauri kwa maandishi aende kwa wakili. Sheria yenyewe inahusu madai ya umri tu, lakini karatasi ya kwetu ilikuwa imeandikwa kwamba ukitengua, yote yametenguka.

Mchana ule nyumba yetu haikuwa na amani. Mume wangu alikuwa safarini, tukazungumza kwa simu. Aliona tunachoma fedha zilizokwisha kuwa mkononi, tena majira ya baridi ambapo bili ya gesi hupanda, kwa ajili ya madai tusiyoyajua. Nilimwelewa; hizo wiki mbili zilikuwa ni kodi ya Januari. Nikamwambia kwamba sikufukuzwa kwa uvivu wala kwa wizi. Nimefukuzwa kwa rakaa tatu, na hawa wananunua kimya changu juu ya rakaa hizo kwa mshahara wa wiki mbili. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Haya, Mama Watoto, andika." Barua ilikuwa na sentensi tatu: kwamba nilisaini tarehe fulani, kwamba naitengua saini hiyo, na kwamba sitaipokea hundi. Tuliipeleka kwa barua pepe na kwa barua ya rejista siku ile ile, na stakabadhi ya posta ninayo hadi leo.

Kwa wiki tatu nilijuta kila asubuhi. Bima ya matibabu ilikatika mwisho wa mwezi. Sheria inamruhusu mfanyakazi wa kampuni yenye watu ishirini au zaidi kubaki katika bima ile ile hadi miezi 18, na ana siku 60 za kuamua, lakini atailipa yote mwenyewe, fungu lake na fungu lililokuwa likilipwa na mwajiri. Nilipoiona hesabu hiyo nilicheka. Tulinunua bima nyingine ya bei nafuu katika soko la bima la serikali, ambalo nalo humpa aliyepoteza kazi siku 60 za kuingia.

Lililonifungua macho zaidi ni mafao ya kukosa kazi. Nilichelewa kuyaomba kwa sababu ya haya. Niliona ni kunyoosha mkono, na sisi tuliolelewa kwamba mkono utoao ni bora kuliko upokeao hatulioni jambo hilo kuwa jepesi. Mama mmoja wa Kisomali msikitini, na Wasomali wa Columbus ni wengi, wanapitwa na wale wa Minneapolis tu, alinikemea mbele ya watu. "Dada, hiyo si sadaka. Ni bima. Kampuni imeilipia kodi tangu siku uliyoingia." Na ndivyo ilivyo. Katika Ohio mwajiri ndiye anayechangia mfuko huo, na mfanyakazi aliyefanya kazi wiki zisizopungua ishirini katika kipindi kinachohesabiwa, akaachishwa bila ya kosa lake, hupata takriban nusu ya wastani wa mshahara wake kwa wiki, hadi wiki 26. Lakini hesabu huanzia wiki unayoomba, si siku uliyofukuzwa. Haya yangu ilinigharimu wiki mbili ambazo hazikurudi.

Nikaomba. Nikanyimwa. Na katika barua ya kunyimwa nikakisoma kile nilichokitafuta tangu Ijumaa ile: sababu. Idara ya jimbo humuuliza mwajiri kwa nini mtu ameondoka, na mwajiri ajibu. Kampuni iliyoniambia mimi kwamba haina haja ya kutoa sababu iliiandikia serikali kwamba nimefukuzwa kwa ukaidi, kwa kuacha kituo cha kazi mara kwa mara baada ya kukatazwa. Binti yangu aliisoma akasema, "Mama, wamekuandikia wenyewe."

Rufaa ina siku 21 tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Tuliipeleka siku ya nne. Ilikataliwa tena ngazi ya kwanza, tukaipeleka mbele zaidi, kwenye kamisheni ya jimbo inayopitia rufaa hizo, na kikao kikafanywa kwa simu. Niliomba mkalimani wa Kiswahili, akapatikana bila ya malipo. Niliketi jikoni na simu juu ya meza, na daftari pembeni. Nilisoma jumbe za msimamizi wa zamani, moja moja, na tarehe zake. Mwendesha kikao alimuuliza mwakilishi wa kampuni swali ambalo sitalisahau: katika miaka mitatu ya utaratibu ule, kazi gani iliharibika? Mwakilishi akasema hana taarifa hiyo mbele yake. Uamuzi ulikuja Machi, siku chache baada ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Kampuni haikuwa na sababu ya haki ya kuniachisha kazi, na mafao yangu yalipwe tangu wiki niliyoomba.

Ushindi huo ulihusu mafao tu. Kuhusu kufukuzwa kwenyewe, mlango ulikuwa mwingine. Hiyo ajira ya hiari ina mipaka yake: mwajiri hana haja ya kuwa na sababu, lakini ziko sababu ambazo haruhusiwi kuwa nazo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na watano au zaidi kumfukuza mtu kwa dini yake, kabila lake, rangi yake, jinsia yake au nchi aliyotoka, na inamtaka aipe nafasi ibada ya mfanyakazi isipokuwa kama kufanya hivyo kutamtia katika uzito mkubwa. Kuanzia 1977 mahakama zilichukulia kwamba hata gharama ndogo tu yatosha kuwa ni uzito, na Waislamu wengi walishindwa kwa hoja hiyo. Mambo yalibadilika Juni 2023, miezi sita tu kabla ya bahasha yangu. Gerald Groff, mfanyakazi wa posta kule Pennsylvania, Mkristo, alikataa kufanya kazi Jumapili, na shauri lake likafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Majaji wote tisa walisema kwamba mwajiri lazima aoneshe gharama kubwa kwa kadiri ya biashara yake, si usumbufu mdogo. Nimeombea kheri watu wengi katika sijda zangu, na sikutarajia kwamba mmoja wao atakuwa tarishi asiyetaka kufanya kazi Jumapili.

Malalamiko ya aina hii hupelekwa kwanza kwenye tume ya shirikisho inayosimamia usawa katika ajira, inayojulikana kwa herufi EEOC, na katika Ohio muda wake ni siku 300 tangu kufukuzwa. Hakuna ada, wala si lazima uwe na wakili. Mwajiri haruhusiwi kumlipizia kisasi mtu aliyelalamika, na nililizingatia hilo kwa ajili ya wenzangu wawili waliobaki ghalani na waliokubali kuandika walichokiona. Nilipeleka Aprili. Yule msimamizi mstaafu naye alitoa maelezo, na alipomaliza aliniuliza kwa simu kama bado nakula na uso wa msiba. Tume ilituita kwenye usuluhishi, tukakubaliana. Masharti ya makubaliano hayaniruhusu kusema zaidi ya hapo, nami nimesaini. Safari hii nilisoma kurasa zote.

Mama yangu Tanga hakujua lolote mpaka yote yalipokwisha. Nilipomsimulia alinyamaza, kisha akauliza kwa nini sikumwambia azipunguze dawa.

Mwezi uliopita binti mmoja wa hapa msikitini, mwenye mtoto mchanga, alikuja nyumbani baada ya Isha na bahasha mkononi. Ghala jingine, maneno yale yale. Yeye alikuwa ameambiwa ajifunge mtandio kwa namna nyingine au aondoke, naye alisaini siku ile ile, kama mimi. Nilizisoma karatasi zake mezani, ukurasa kwa ukurasa, nikikitafuta kifungu cha siku saba. Nikarudia tena tangu mwanzo. Hakikuwemo. Ana miaka thelathini na mmoja. Nilimweleza kwamba haki ya kupeleka malalamiko kwenye tume bado anayo, kwa kuwa hakuna karatasi inayoweza kumzuia, lakini fedha pengine ameshaziuza kwa saini ile. Alilia kidogo, kisha akafuta uso kwa ncha ya mtandio. Nikamuuliza kama ameshaomba mafao ya kukosa kazi. Akasema anaona haya.

Mume wangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka sebuleni, alisimama, akaja akamchukua yule mtoto mchanga mikononi mwake ili mama yake apate nafasi ya kuandika. Nikafungua kompyuta ya binti yangu. Ilikuwa Alhamisi, na wiki ya hesabu ilikuwa inakwisha Jumamosi.